Mtoto kafika 15 na nusu anataka kuendesha: mwongozo wa mzazi Mswahili wa Ohio, kuanzia pemiti mpaka simu

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa Columbus na Ohio nzima, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote tuliokulia sehemu ambazo mtu wa miaka 16 kushika usukani ni habari ya mtaa mzima, halafu tumefika huku tunaambiwa mtoto wa darasa la kumi anajipeleka shule na gari. Mmoja nimeshampitisha kapata leseni, wa pili yuko kwenye pemiti (kibali cha kujifunza kuendesha) sasa hivi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyafanya mwenyewe, na mengine nimeanza kwa kuyakosea. Kama uko jimbo lingine basi masuala ya umri na masaa yaangalie ya kwenu, kila jimbo lina zake, we soma sehemu ya mazoezi na simu.

Siku ya kwanza ya mazoezi na binti yangu tulikuwa kwenye paking ya kanisa, Jumamosi asubuhi, hamna hata gari moja, mi nimekaa siti ya abiria kama mkaguzi vile. Simu ikaita, kaka yangu wa Dodoma. Nikapokea. Binti akakanyaga breki gari ikasimama katikati ya paking, akanigeukia, akasema "Baba, sa si umesema simu haiguswi? Mbona we unaongeaga na baba mkubwa tukiwa haiwei kabisa?" Nikakosa cha kujibu, nikamwambia kaka nitakupigia. Yani miaka kumi yote mtoto kakaa siti ya nyuma ananiangalia naendesha na simu begani, darasa lake la udereva alishalianza kitambo na mwalimu alikuwa mimi.

HATUA YA KWANZA: SIMU YAKO WEWE

Miezi miwili hivi kabla ya pemiti anza kuweka simu kwenye droo ya dashibodi, funga kabisa, kila safari, hata ya kwenda kununua maziwa. Usimwambie mtoto kitu, we fanya tu, ataona.

Na sio heshima tu, ni sheria. Tangu 4 Aprili 2023 hapa Ohio polisi akikuona umeshika simu unaendesha anakusimamisha kwa hilo tu, hahitaji kosa lingine, na kosa la kwanza faini inafika dola 150 pamoja na pointi 2 kwenye leseni. Mtu mzima anaruhusiwa kuongea bila kuishika, na kwenye taa nyekundu gari ikiwa imesimama kabisa sheria haikubani, ila mi nakushauri hata hapo usiiguse, maana mtoto haoni taa, anaona mkono wa baba umeshika simu.

Halafu kuna jambo la nyumbani. Tunapishana na Afrika Mashariki masaa 7 wakati wa joto na 8 wakati wa baridi. Sasa piga hesabu, watoto wa haiskuli wanatoka shule huku mida ya saa 8 au saa 9 mchana, kule ni kati ya saa 3 na saa 5 usiku kutegemea msimu, ndo bibi kamaliza kula anataka kuongea na mjukuu kabla hajalala. Yani simu ya bibi inaingia mtoto akiwa anatoka paking ya shule, pale penye mabasi na watoto wenzake mia wanaoendesha kama yeye. Mi nilimpigia mama nikamweleza, nikamwambia mama kuanzia sasa mpigie Jumapili, alinuna kidogo lakini akaelewa. Waambie na mashangazi na wajomba wote wa kwenye grupu la familia.

Na hili linatuhusu sana sisi tuliokuja Kiingereza kikiwa kinasumbua: tunawapigia watoto watutafsirie. Uko kliniki, uko benki, unampigia mtoto "hebu ongea na huyu mama anasemaje", na mtoto ataogopa kukata simu ya mzazi hata kama yuko kwenye I-270, haiwei inayozunguka Columbus. Kliniki na hospitali omba mkalimani wa Kiswahili, wengi wanaye hata kwa njia ya simu, na ni bure kwako. Mtoto akishapata leseni huo ukalimani wa kushtukiza uishe.

HATUA YA PILI: PEMITI

Akifika miaka 15 na miezi 6 anaruhusiwa kufanya mtihani wa maswali, ni maswali 40 ya sheria na alama za barabarani na inabidi apate asilimia 75, yani maswali 30 ayapatie. Kitabu cha sheria ni cha bure kwenye tovuti ya BMV (ofisi ya leseni na magari ya jimbo), asome kile, hizi app za maswali ni za kujipima tu. Sehemu inayoangusha wengi ni basi la shule: barabara ya leni mbili au tatu, basi likisimama na taa nyekundu zinawaka, pande zote mbili mnasimama, hata we unayekuja kwa mbele, ila barabara ikiwa na leni nne na kuendelea wanasimama wanaoenda upande mmoja na basi. Mwambie akuelezee wewe kwa Kiswahili, akiweza kueleza kwa Kiswahili ujue kaelewa hajakariri.

Mzazi unasaini fomu. Soma kabla hujasaini, maana kwa sheria ya Ohio ukimsainia mtoto wa chini ya miaka 18 uzembe wake barabarani unahesabika na wako, wanaweza kukudai wewe, na kinachokulinda hapo ni bima. Kwa hiyo piga simu kwa watu wa bima kabla hajagusa usukani, waambie nina mtoto ana pemiti, uwaulize wanamhesabu vipi, na uandike jina la uliyeongea naye na tarehe.

Akiwa chini ya 16 anayekaa pembeni yake lazima awe mzazi, mlezi au mwalimu wa udereva. Kaka yake wa miaka 19 hapana, mjomba hapana. Akishafika 16 ndo anaweza kukaa na mtu yeyote mwenye leseni wa miaka 21 na zaidi. Na wote ndani ya gari mnafunga mkanda.

HATUA YA TATU: SHULE YA UDEREVA

Masaa 24 ya darasa, ambayo anaweza kufanya hata onlaini, na masaa 8 barabarani na mwalimu. Zamani kuna watu walikuwa wanamwambia mtoto subiri tu ufike 18 tukwepe hiyo ada, sasa hivi haifanyi kazi tena, kuanzia mwisho wa Septemba 2025 sharti la darasa limepanda mpaka kwa walio chini ya miaka 21.

Darasa la onlaini ni zuri kwa ratiba ila kaa naye karibu, mtoto anaweza kufungua video ya udereva kwenye kompyuta huku anachat kwenye simu, ndo maajabu hayo, anajifunza hatari za simu huku simu iko mkononi. Kuhusu mwalimu wa barabarani, usione aibu kumuuliza mtoto akirudi: mwalimu alikuwa anafanya nini? Wa kwanza tuliyempata, shule siitaji, binti alirudi akaniambia jamaa muda wote alikuwa anajibu meseji na kumwambia "kata kushoto" bila kuinua kichwa. Nilipiga simu nikaomba mwalimu mwingine, hawakubisha. Unalipa hela yako, omba.

HATUA YA NNE: MASAA 50

Hapa ndo penye kazi. Ohio inataka masaa 50 ya mazoezi na mzazi, 10 kati ya hayo yawe ya usiku, na pemiti ikae angalau miezi 6 kabla ya leseni. Mwisho unajaza fomu ya kiapo kwamba mmefanya na unaisaini mbele ya notari (mtu aliyeidhinishwa kushuhudia saini), usiisaini nyumbani kabla. Benki nyingi zina notari na kwa mteja wao mara nyingi hawachaji, nenda na kitambulisho.

Najua kuna watu wanajaza 50 kwenye karatasi wakati mtoto kafanya 12. Sitaki kuhubiri, ila ujue masaa hayo ndo pekee atakayoendesha na mtu mzima anayempenda kakaa pembeni yake.

Sisi tuligawa hivi: kama masaa 5 ya paking, kusimama taratibu, kurudi rivasi, kupaki. Halafu kama 10 mitaa ya nyumbani, 10 barabara kubwa za taa nyingi, huku kwetu ni Morse Road na Cleveland Avenue, ukiweza kuendesha Morse Road Jumamosi mchana bila kupiga kelele basi we umekuwa. Kama 10 haiwei, anza I-270 Jumapili asubuhi mapema. 10 za usiku. Yanayobaki mvua na theluji, na theluji usiikwepe, msipofanya naye akiwa na pemiti ataikuta peke yake Januari asubuhi barafu imejificha kwenye lami haionekani. Mpeleke paking tupu yenye theluji, mwambie akanyage breki kwa spidi ya maili 10 asikie gari inavyoteleza na breki zinavyotetemeka mguuni.

Safari zisizidi dakika 45 mwanzoni, baada ya hapo mnaanza kugombana. Na ugomvi ukianza ingia paking yoyote muongelee hapo gari ikiwa imesimama.

Sasa mazoezi mawili ya kumfundisha mtoto asipotelewe na akili barabarani, haya ndo yalitusaidia kuliko yote.

La kwanza tunaliita kutangaza mpira. Mtoto anaendesha huku anatangaza kwa sauti anachokiona kama mtangazaji wa redioni: "kulia kuna mtoto na baiskeli, mbele taa ya kijani imekaa muda mrefu inaweza kubadilika, lile jeupe limewasha indiketa ila haliingii, nyuma yangu kuna lori". Akinyamaza sekunde kumi unajua akili imeenda kwingine, huna haja ya kumgombeza, unauliza tu "mpira uko wapi?" anarudi. Mi nilikuwa nasisitiza Kiswahili, na kwa kweli Kiswahili chake kimekua sana mle ndani ya gari, faida ambayo sikuitegemea.

La pili mtoto akiwa ABIRIA na wewe ndo unaendesha, tena haiwei iliyonyooka. Mwambie nikisema "meseji" unafumba macho, unahesabu sekunde tano taratibu, unafumbua. Binti yangu alifumbua kwenye tatu. Nikamwambia rudia, akafumbua tena kwenye nne, akasema siwezi baba naogopa. Basi hesabu ndo hii: maili 55 kwa saa ni kama mita 24 na nusu kila sekunde, sekunde tano ni zaidi ya mita 120, yani umetoka goli hadi goli uwanja wa mpira na ukapitiliza hadi kwa mashabiki, macho yamefumbwa. Na sekunde tano ni meseji fupi tu, "niko njiani nakuja".

Kuna kitu vijana wanabisha sana, kwamba kuongea bila kushika hakuna shida. Mwambie kuna vitu vitatu: macho, mikono na akili. Bluututhi inakurudishia mikono na macho, akili bado iko kwenye maongezi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walishaonesha hilo, dereva anaangalia kitu kabisa na asikione. We mwenyewe ujichunguze, umewahi kufika nyumbani unaongea na mtu halafu hukumbuki umepita vipi exit yako? Ndo hiyo.

HATUA YA TANO: SETINGI ZA SIMU

Chini ya miaka 18 Ohio haina mjadala, hata bila kushika hairuhusiwi, labda dharura ya kuita 911, au gari imepakiwa nje ya barabara, au ramani inayoongozwa kwa sauti bila yeye kuigusa. Kosa la kwanza dola 150 na leseni inasimamishwa siku 60, la pili dola 300 na mwaka mzima. Mwambie hizo siku 60 mapema, faini anajua baba atalipa lakini siku 60 za kupanda basi la njano na watoto wa darasa la tisa zinauma.

Mkae pamoja mezani na simu yake, dakika kumi tu. Kwenye iPhone ingia setingi, Focus, halafu Driving, weka iwake yenyewe ikishajiunga na bluututhi ya gari, na uandike jibu la kujituma. Binti kaandika "Naendesha, nikifika ntakujibu" kwa Kiswahili na Kiingereza, bibi naye akilipata haoni kadharauliwa. Simu za Android nyingi zina kitu kama hicho, tafuta setingi ya kuendesha gari.

Kama unataka kujua kafika wapi, na najua unataka, awashe lokesheni kwenye WhatsApp KABLA hajawasha gari, uangalie mwenyewe kimya kimya. Usipige. Mzazi anayepiga "uko wapi?" kila dakika kumi ndo anayemfanya mtoto aangalie simu, na mi nilikuwa huyo.

Ramani anaweka akiwa amepaki. Muziki anachagua akiwa amepaki. Simu yenyewe inakaa kwenye begi, begi siti ya nyuma. Tulijaribu kuiweka pale kwenye kishikio cha vikombe imegeuzwa chini, haikufanya kazi, ikitetemeka tu jicho linaenda, nimemwona kwa macho yangu kwenye taa ya Cleveland Avenue, simu ikatetemeka, taa ikawa kijani, wa nyuma akapiga honi ndo akashtuka.

HATUA YA SITA: KONI

Mtihani wa kuendesha una sehemu mbili, barabarani na koni, na koni ndo zinawaliza watu hata madereva wa lori wenye uzoefu wa miaka 20. Ni koni tano: nne zinafanya boksi la futi 9 kwa futi 20, ya tano iko peke yake mbele, futi 20 kutoka kwenye boksi, katikati. Unapita kwenye boksi, unaipita ile ya mbele kulia au kushoto kama utakavyoambiwa, unasimama bampa ya nyuma ikilingana nayo, halafu unarudi rivasi njia ile ile, unanyoosha kupita kwenye boksi na kusimama bampa ya mbele ikilingana na koni mbili za nyuma. Ukiangusha koni umefeli hapo hapo, ukigusa unakatwa maksi.

Nunua mabomba matano ya plastiki uyasimike kwenye ndoo zenye mchanga, pima kwa tepu kweli usikadirie kwa hatua. Rivasi aangalie kwa kugeuka, asizoee kamera. Siri yake ni spidi, gari iende kama kobe, mguu kwenye breki, maana akienda taratibu akikosea ana muda wa kurekebisha. Akifeli anasubiri siku 7 anarudi, sio mwisho wa dunia, wangu alifeli mara moja.

HATUA YA SABA: MWAKA WA KWANZA WA LESENI

Leseni ikitoka mtoto anadhani kamaliza. Miezi 12 ya kwanza haruhusiwi kuendesha kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi bila mzazi, isipokuwa kazi, shughuli ya shule au ya dini na awe na karatasi inayoonesha hivyo, kwa hiyo mkesha wa mwaka mpya ombeni barua kanisani au msikitini mapema. Baada ya miezi 12, kama bado hajafika 18, katazo linakuwa saa 7 usiku mpaka saa 11 alfajiri.

Na abiria mwaka huo wa kwanza, mmoja tu asiye wa familia. Hii ndo wanaivunja sana na ndo naishikilia kuliko zote, maana rafiki watatu siti ya nyuma ni simu tatu, stori tatu, na mmoja anayesema "hebu ona hii" akimsogezea dereva video usoni. Binamu anapanda kwa jina la familia, na sisi kila mtu binamu, mwambie mtoto hapa sheria haimaanishi binamu wa kwenye harusi.

Sisi tuliandika karatasi moja tukaibandika kwenye friji, tumesaini wote, pamoja na mimi. Simu ikionekana mkononi kwake, funguo wiki mbili. Ikionekana kwangu, naosha vyombo wiki mbili. Nimeshaosha mara moja, nilikuwa naangalia bei ya mafuta kwenye app.

Bima itapanda, jiandae, na itapanda sana. Uliza punguzo la mwanafunzi mwenye wastani wa B, kampuni nyingi wanalo, ila hawakukumbushi, unapeleka ripoti ya shule kila muhula mwenyewe. Uliza pia kama ile app yao ya kufuatilia udereva inapunguza bei, na kama inapima simu inavyoshikwa ndani ya gari iweke kwa mtoto na kwako wewe pia.